Mwaka wa masomo ni miezi mingapi? Jibu kwa mpangaji wa Tudor

"Shikamoo wakili. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nakaa bedsita (chumba kimoja cha kupanga) hapa Tudor, Mombasa. Kodi ni shilingi 9,000 kwa mwezi na niliweka dipoziti ya mwezi mmoja. Niliingia tarehe 1 Septemba. Karatasi niliyotia sahihi inasema mkataba ni wa 'mwaka mmoja wa masomo', na chini yake pana mstari usemao mpangaji akitaka kuhama atoe notisi ya mwezi mmoja. Keateka (mtunza nyumba) aliniambia siku ile kuwa maana yake ni mpaka chuo kifungwe. Sasa ni wiki ya kwanza ya Machi, muhula wetu unaisha mwisho wa Aprili, na Mei naenda Voi kwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ya miezi mitatu. Nimemwambia mwenye nyumba, naye anasema mwaka ni miezi 12, nilipe mpaka Agosti, yaani 36,000, la sivyo nisahau dipoziti na vitu vyangu vitabaki ndani. Rafiki zangu wanasema karatasi haina muhuri wa wakili kwa hivyo si kitu, na kwamba Aprili nisilipe, dipoziti ijilipe yenyewe. Wengine wanasema niende jopo la kodi. Nifanye nini? Kesi sitaki, lakini 36,000 sina."

Marahaba, mwanangu. La kwanza, hujachelewa. Wengi huniletea swali hili mwezi wa Mei, keshaweka mabegi kwenye matatu na kesharushiana maneno na keateka. Wewe una karibu wiki nne za kufanya jambo hili kwa utaratibu, na wiki nne ni nyingi.

Nimesoma swali lako mara mbili, na naona umefunga mambo mawili katika furushi moja. Moja ni mkataba huu unaisha lini. La pili ni kama unaweza kutoka kabla haujaisha. Wewe na mwenye nyumba mmeshikana mashati juu ya lile la kwanza, miezi minane au 12, na hakuna hata mmoja wenu aliyerudi kuusoma ule mstari wa chini. Nguvu zako ziko kwenye mstari ule. Unaweza kushindwa kabisa kwenye hesabu ya miezi na bado ukahama mwisho wa Aprili bila deni.

Lakini kabla ya kufika huko, niondoe maneno ya marafiki zako njiani.

Si kweli kwamba karatasi isiyo na muhuri wa wakili si kitu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu upangaji wa miaka miwili au chini ya hapo, usio na hiari ya kuongeza muda, ufanywe kwa maandishi au hata kwa mdomo. Ungekuwa umepeana mkono tu na mwenye nyumba pale ukumbini, bado pangekuwa na mkataba. Na wewe mwenyewe usiombe karatasi hiyo iwe bure. Ikiwa bure, sheria itakutazama kama mtu anayekaa kwa mwezi na kulipa kwa mwezi, basi. Upangaji wa namna hiyo huvunjwa na upande wowote kwa notisi ya mwezi mmoja. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba naye angeweza kukutoa wiki ya mitihani, au Novemba, ili Desemba aingize wageni wanaolipa kwa usiku, kama wanavyofanyiwa wapangaji wengi wa Nyali na Bamburi. Muda ulioandikwa unakukinga wewe pia. Kwa hivyo ukienda kuzungumza naye usiseme "hakuna mkataba". Sema "mkataba upo, tuusome".

Na tuusome. "Mwaka mmoja wa masomo." Maneno hayo hayana idadi moja ya miezi inayojulikana kwa kila chuo. Chuo kimoja kina mihula miwili, kingine kina mitatu, na hata ndani ya chuo kimoja kitivo hiki kinafunga wakati kile kinaendelea. Maneno ya mkataba yakiwa na maana mbili zinazokubalika kweli, mahakama huelekea kuyasoma dhidi ya yule aliyeyaandika, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kalamu. Wewe uliletewa karatasi ukatia sahihi. Mwenye nyumba angetaka miezi 12, angeandika miezi 12, au angeandika tu "mwaka mmoja". Ameongeza "wa masomo", na neno lililoandikwa lazima liwe na kazi yake.

Sitakudanganya, hata hivyo. Upande wake nao una hoja. Atasema atachimenti ni sehemu ya masomo, inahesabiwa kwenye cheti chako, kwa hivyo mwaka wako wa masomo haujaisha Aprili. Atasema Septemba mpaka Agosti ndiyo kalenda ya vyuo vingi. Nikiwa hakimu kwenye swali hili peke yake ningekuona umemtangulia kidogo tu, na mtu asiye na 36,000 hapaswi kuegemea ukuta wa namna hiyo.

Yale maneno ya keateka je? Kwa kawaida maneno ya mdomo hayabadilishi kilichoandikwa. Ila palipo na maandishi yenye utata, yaliyosemwa siku ya kutia sahihi husaidia kuonyesha watu walielewana nini. Tatizo ni kwamba keateka analipwa na mwenye nyumba, na siku ya kuulizwa huenda kumbukumbu zikamruka. Basi leo usiku rudi nyuma kwenye WhatsApp yako mpaka Agosti iliyopita. Uliuliza "chumba ni mpaka lini?" akakujibu "mpaka mfunge"? Ujumbe mmoja kama huo una uzito kuliko mashahidi watatu wa ukumbini. Ukiupata, uhifadhi mahali pengine mbali na simu hiyo, maana simu za wanafunzi nazijua.

Sasa ule mstari wa notisi, ambao ndio kiini cha jibu langu.

Upangaji uko wa namna mbili. Upo ule wa mwezi kwa mwezi, unaoendelea mpaka mmoja aseme basi, na hapo lazima kuwe na notisi. Upo na ule wa muda maalumu, wenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Huu wa pili haudai notisi mwishoni, kwa sababu tarehe ikifika unakufa wenyewe, kama tikiti ya feri isiyo ya kurudi. Kinyume chake pia ni kweli: katika mkataba wa muda maalumu usio na mstari wa kutoka, huwezi kuondoka katikati kwa sababu tu umepata shughuli Voi.

Mkataba wako una muda maalumu na una mstari wa kutoka: "mpangaji akitaka kuhama atoe notisi ya mwezi mmoja." Haukuandikwa "baada ya mwaka kuisha". Haukuandikwa "akitaka kuhama mwisho wa muda". Mwenye nyumba akikuambia mstari huo ni wa baada ya Agosti, muulize kwa adabu: kama Agosti mkataba unakwisha wenyewe, notisi ni ya nini tena? Huenda akajibu kwamba ni kwa ajili ya mpangaji atakayebaki akiendelea kulipa. Lakini hilo sheria imeshalishughulikia bila msaada wa karatasi yake: muda ukiisha, mpangaji akabaki, na mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi kwa miezi miwili, upangaji unahesabiwa kuwa wa mwezi kwa mwezi, wenye notisi yake. Kazi ya maana inayobaki kwa mstari ule ni moja tu, nayo ni kukuruhusu kutoka katikati. Angalia pia kwamba mstari huo umemtaja mpangaji peke yake. Yeye mwenye nyumba hajajiandikia ruhusa ya kukutoa kabla ya muda. Hivyo muda unamfunga yeye, na wewe una mlango. Si ajabu, mikataba mingi ya vyumba huandikwa hivyo ili wapangaji waingie.

(Msomaji mwingine ambaye karatasi yake haina mstari kama huu asijipatie faraja isiyo yake. Yeye yuko pagumu zaidi. Mwenye nyumba wake anaweza kudai kodi ya miezi iliyobaki, ingawa katika mikataba aliyeumizwa hutarajiwa kupunguza hasara yake, si kuketi barazani akiangalia chumba tupu huku akihesabu deni la mtu mwingine. Kwake mazungumzo si hiari. Ndiyo njia.)

Basi andika notisi. Isiwe ujumbe wa "boss nitatoka April". Karatasi, yenye tarehe, jina lako, nambari ya chumba, na maneno mepesi: "Kwa mujibu wa mkataba wetu ulioanza tarehe 1 Septemba, natoa notisi ya mwezi mmoja ya kuhama. Nitakabidhi chumba tarehe 30 Aprili. Kodi ya Aprili nitailipa kama kawaida. Naomba dipoziti yangu ya shilingi 9,000 irudishwe baada ya chumba kukaguliwa." Chapisha nakala mbili, moja abaki nayo, nyingine akutilie sahihi na tarehe kwamba amepokea. Akikataa kutia sahihi, ipige picha na umtumie kwa WhatsApp na kwa ujumbe wa kawaida siku hiyo hiyo, na uende kumkabidhi ukiwa na mtu mzima wa kushuhudia.

Tarehe ina maana kubwa. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi sheria inataka notisi isipungue kipindi kimoja cha kodi na iishie siku ya kulipa kodi. Wa kwako si wa namna hiyo hasa, lakini ukifuata kipimo hicho humpi mtu nafasi ya kukushika. Notisi iwe mkononi mwake kabla ya Machi kuisha. Ukimpelekea tarehe 5 Aprili, atakuambia mwezi unahesabiwa kuanzia Mei, na hapo 9,000 nyingine imeondoka kwa uzembe wa siku tano.

Na umpe nani? Hili ni la Mombasa hasa. Nyumba zetu nyingi ni za familia, za mirathi, na nyingine ni nyumba zisizo na ardhi, ambapo jengo ni la huyu na kiwanja ni cha yule. Nimeona mwanafunzi akipeleka notisi kwa kaka mkubwa kumbe mkataba ni wa dada, na dada akaapa hajui lolote. Mpe yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi, kisha nakala kwa yule unayemtumia kodi kama si mtu mmoja.

Ushauri wa kutolipa Aprili ukatae. Najua kila ploti ina mtu aliyefanya hivyo na akafaulu. Lakini angalia unampa mwenye nyumba nini. Leo huna deni. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293 ya sheria za Kenya, inamruhusu mwenye nyumba kushika vitu vya mpangaji kwa kodi iliyokwisha kufika na haijalipwa, na hata hapo hupitia dalali wa mnada mwenye leseni, si keateka na kufuli lake. Kodi ya Mei mpaka Agosti haijafika, kwa hivyo si deni la kukamatia mtu godoro mwezi wa Aprili. Ukiacha kulipa Aprili, unamtengenezea deni la kweli la 9,000 na kumpa silaha ambayo sasa hana. Lipa kwa M-Pesa, si taslimu, na kwenye daftari lako andika nambari ya kila malipo tangu Septemba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na dipoziti ni mali.

Kuhusu jopo la kodi, usichoke na nauli. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani sana, na leo kinagusa labda chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili chenye choo cha pamoja. Jopo jingine unalolisikia ni la maduka na hoteli. Bedsita ya 9,000 haimo kwenye lolote kati ya hayo. Mahali pako, mambo yakifika huko, ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo iko hapa Mombasa. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huko utadai dipoziti yako kama fedha zako zilizoshikwa na mtu. Haiamui nani akae chumbani, lakini wewe hutaki kukaa, unataka kutoka.

Umesema kesi hutaki, nami nakubaliana nawe. Kwa hivyo siku utakayopeleka notisi, peleka na mtu wa kuziba pengo.

Mwenye nyumba wako si shetani. Anaogopa kitu kimoja: Mei mpaka Agosti Tudor hupungua wanafunzi, chumba kikitoka Aprili kinaweza kulala tupu mpaka Septemba, na huenda ana mkopo wa benki au nduguze wanasubiri mgao wa kodi. Yale maneno ya 36,000 ni hofu hiyo inayozungumza. Lakini wewe unapokwenda Voi kwa atachimenti, kuna vijana wanaotoka bara kuja Mombasa kwa atachimenti ile ile, bandarini Kilindini, hospitali kuu ya Pwani, kwenye mahoteli na kampuni za mizigo. Wanakuja Mei, wanaondoka Agosti, na wanalilia chumba cha miezi mitatu ambacho hakuna landilodi anayetaka kuwapa. Tangaza chumba sasa hivi kwenye makundi ya vyuo vya Nairobi, Eldoret na kwingineko. Ukimfikisha mtu mwenye jina na simu mbele ya mwenye nyumba, ugomvi wa miezi minane au 12 unabaki bila chakula.

Tahadhari moja tu: usimwingize wewe mwenyewe kimyakimya, akulipe wewe nawe umlipe mwenye nyumba. Akivunja kioo au akitoroka na kodi ya Julai, mkataba una jina lako. Mgeni huyo atie sahihi karatasi yake na wako ufungwe kwa maandishi.

Kama hakupatikana mtu, kuna cha kupatana? Kipo. Ukiniuliza mimi, ningeanza kwa kusimama kwenye mstari wa notisi na kudai dipoziti yote. Akikaza kamba, ningekubali kukatwa nusu ya dipoziti, na nikiwa na mitihani mbele yangu ningeweza hata kumwachia 9,000 yote, ili mradi atie sahihi kwamba mkataba umefungwa na hanidai chochote. Nusu shari kuliko shari kamili. Ningekataa katakata kulipa hata mwezi mmoja wa ziada juu ya dipoziti, kwa karatasi uliyonieleza. Mkishindwa wenyewe, muombe mzee wa mtaa au ofisi ya mlezi wa wanafunzi chuoni iwakalishe. Hawana mamlaka ya kuhukumu kodi, lakini mwenye nyumba anayetegemea wanafunzi kila Septemba hapendi jina lake lizungumzwe ofisi ile.

Dipoziti yenyewe ina vita vyake vidogo. Utaambiwa rangi imebanduka. Mombasa rangi hubanduka, maji ya chumvi hula mifereji, na unyevu hupandisha chumvi ukutani hata chumba kikiwa kimefungwa. Uchakavu wa kawaida si juu ya mpangaji. Sheria ya Ardhi inasema hivyo. Kioo ulichovunja, tundu ulilopiga ukutani, bili ya maji uliyoacha, hayo ni yako. Piga picha za chumba kizima kabla ya kuhamisha vitu na tena kikiwa kitupu.

Yako mambo ambayo hayangoji jibu la maandishi. Ukirudi jioni ukakuta kufuli jipya mlangoni, vitu vyako vikitolewa nje, mtu akijiita dalali wa mnada akikupa karatasi, au ukiletewa hati ya mahakama, usijibishane naye. Piga picha, kisha nenda siku hiyo hiyo kwa wakili au kwa Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa na husaidia wasio na uwezo. Vitu vikichukuliwa kwa nguvu, pita kituo cha polisi kwanza uandikishe. Nenda ukaonane na wakili pia ikiwa karatasi yako ina mistari mingine ambayo hukunitajia, hasa kama pana mahali palipoandikwa tarehe 31 Agosti kwa nambari. Tarehe iliyoandikwa wazi inamaliza ule utata wa "mwaka wa masomo", na hapo ungebaki na mstari wa notisi peke yake. Bado ningeutegemea, lakini ningetaka kuuona kwa macho yangu.

Tarehe 30 Aprili, ufunguo usiuache juu ya mlango wala kwa jirani. Mkabidhi mwenye nyumba au keateka mkononi, wakati wa mchana, na kabla hujapanda gari la Voi umtumie ujumbe: "Nimekukabidhi ufunguo leo saa nane mchana." Akijibu "sawa" tu, inatosha.